Mikono ya Mheshimiwa

Mama niliyekuwa nashona kwake Yeoville, Johannesburg, alikuwa na sheria moja: kitambaa hakikatwi kabla mteja hajaandikwa daftarini, jina na vipimo vyote. Mimi nilikuwa naota duka langu mwenyewe, lenye vioo vikubwa barabarani, basi sheria hiyo niliishika kama sala.

Siku moja akaingia kamanda mmoja wa zamani wa waasi. Kwetu mashariki ya Kongo watu walikuwa wanabeba watoto na kukimbia wakisikia tu yuko njiani. Sasa alikuwa ameacha msitu, anatafuta kiti bungeni, na amekuja Joburg kupiga picha na sisi wahamiaji na kushonesha suti. Walinzi wawili nyuma, miwani myeusi usoni, na nje mawingu matupu. Mama alimtambua, akafungua daftari na kuandika jina lake. Mdogo wake alichukuliwa na vijana wa mtu huyu akitoka shule, hakurudi tena.

"Inua mikono, Mheshimiwa," Mama akamwambia, futi tayari.

"Mimi sijawahi kumwinulia mtu mikono."

Nilidhani anatania. Wapi! Hata kwa fundi wa nguo anaogopa kuonekana ameshindwa. Mama akampima hivyo hivyo, mikono imeganda mbavuni kama kuku wa kuchoma, akaandika alichopata. Nilimnong'oneza kwamba makwapa yatabana. Akaniuliza kwani ni yangu.

Uchaguzi ulipokaribia, video ikatufikia kwenye simu. Mheshimiwa yuko jukwaani, anataka kuwapungia watu, mkono unaishia sikioni, halafu kwapa linapasuka na bitana nyeupe inachungulia. Saluni ya jirani walicheka mpaka wateja wakatoka nje wamesukwa nusu kichwa. Sisemi suti ndiyo iliyomwangusha. Watu walimkumbuka vizuri tu, hata kijijini kwake wakamnyima kura. Chama kikajifanya hakimjui, na yeye akarudi Joburg bila walinzi, akapanga chumba Berea.

Akaja dukani na koti ndani ya mfuko wa plastiki. Aliomba tumshonee kwapa na kupunguza kiuno, maana alikuwa amekonda. Moyo wangu laini, eish, nilikuwa nimeshatia uzi kwenye sindano.

"Inua mikono," Mama akasema.

Akainua yote miwili mpaka juu. Mama akamzungushia futi kifuani, kisha akamtajia jina la mdogo wake, jina la shule, na njia alimochukuliwa.

"Yuko wapi?"

"Vijana walikuwa wengi, mama. Hatukuwa tunaandika majina."

Mama akafungua daftari, akamwekea ukurasa wake mbele ya macho: jina, mabega, kifua, kiuno.

"Mimi nimekuandika."

Akaninyang'anya sindano, akarudisha koti kwenye mfuko. Yule mtu bado alikuwa amesimama mikono juu, hajui aishushe lini. Ikabidi mimi nimwambie, "Shusha tu, mzee. Hapa hakuna atakayekushonea."