Goti Langu na Mwiba wa Mtende

Kabla ya kuugua nilikuwa fundi katika duka la baiskeli Bawshar, huko Oman, na chumba changu kilikuwa Ansab, mtaa wa jirani. Siku za mapumziko nilifanya mazoezi ya mbio za barabarani. Watu niliokuwa nao ni wenzangu wa baiskeli tu, na sijui kama nao walinihesabu hivyo.

Miezi ya baridi Khamis, kiongozi wetu, alitutoa kwenye lami akatupeleka Qurayyat kufanya saiklokrosi, tupate nguvu kabla ya mbio. Unaendesha kwenye mchanga na mawe, ukifika kizuizi unashuka, unabeba baiskeli begani, unakimbia, unapanda tena. Niseme haki, mazoezi yale yalinipa pumzi.

Siku moja nikikimbia na baiskeli begani kando ya mitende, niliteleza, nikaangukia goti juu ya kuti kavu. Mwiba ukaingia. Nikauvuta, damu kidogo, nikaendelea.

Baada ya wiki chache goti likavimba kama papai, likawa la moto. Chooni sikuweza kuchuchumaa. Daktari wa kwanza akanipiga picha ya eksirei. "Mfupa mzima. Pumzika." Nilimwambia nilianguka. Mwiba sikuutaja, maana niliona umekwisha. Dawa zilinituliza, zikiisha, uvimbe unarudi.

Nikampigia Khamis. Yeye ni Mwomani, kwao asili ni Unguja. "Elia, si picha safi? Wewe wataka kulala tu, baridi imekunogea!" Akacheka. Wenzangu wakaacha kunipitia. Nikawa nalala naangalia picha zao kwenye simu. Labda kweli ni uvivu? Nikawa nalibonyeza goti nione kama linauma kweli. Liliuma. Paja likaanza kukonda, nikaogopa nitarudi kwetu Moshi kilema.

Daktari wa pili, mama mpole, alivuta maji gotini kwa sindano, ya njano na mazito. Akanipeleka ultrasaundi. Kwenye foleni nilikuwa mimi na wajawazito. Dada mmoja wa Tanga, aliyemsindikiza madamu wake, yaani mama anayemfanyia kazi za nyumbani, akanitazama: "Kaka, na wewe una miezi mingapi?"

Nikacheka mpaka machozi. Si yote yalikuwa ya kicheko.

Daktari alipoangalia kioo cha mashine akaniuliza, "Ulichomwa na mwiba?"

"Ulitoka," nikajibu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.

"Ncha imebaki. Picha ile ya mwanzo haiwezi kuionyesha."

Wakanipasua, wakatoa kipande kama ncha ya kijiti cha meno. Khamis alikuja wodini na wali wa mama yake, akasimama mlangoni.

"Nisamehe ndugu yangu, nliona wadeka."

"Hata mimi niliona hivyo," nikamwambia.

Leo naendesha tena, ingawa goti halikunjiki lote. Namshukuru Mungu, na madaktari wote wawili. Ukichomwa na mwiba wa mtende, uutaje hospitalini hata kama umeutoa. Na mwenzako akisema anaumwa, picha ikawa safi, nenda kwake. Hata kama humwamini, piga hodi.