Rangi Zilizoachana Kinanira

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata bisibisi. Shefu wa ateliye, yaani mkuu wa karakana ya duka la televisheni, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinikalisha kwenye kiti cha mbao mbele ya televisheni kubwa kama kabati, akaiwasha, akanipa daftari na kalamu.

"We Georgette, leo ukae hapa tu," akasema. "Kila kitu itafanya, andika. Kila kitu itakuogopesha, andika. Saa kumi nitakuambia gani ni ugonjwa na gani ni tabia."

Niliona ananidharau. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Uvira na cheti changu cha shule ya ufundi, mwanamke peke yangu katika ateliye ya wanaume sita pale katikati ya Bujumbura, na wenzangu walikuwa wakinicheka chini chini wakingoja nisinzie. Nikaandika kwa hasira. Niliandika kwamba picha ilichukua muda kabla ya kutulia. Niliandika kwamba kasha lilikuwa likitoa mlio, ta, ta, kama mtu anavunja vijiti. Kwamba nikisimama picha inafifia na nikikaa inarudi. Kwamba maandishi yalikuwa na ukingo mwekundu dakika za mwanzo, kisha ukaondoka. Saa kumi Shefu akasoma orodha yangu yote, akapiga mstari chini yake na kuandika neno moja: kawaida.

"Hakuna ugonjwa hata moja," akasema. "Kasha linapata joto, linanyooka, linalia. Fundi mwenye hajui afya, atatibu nini?"

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, na aibu nitakayoieleza hapa si yake.

Ninyi vijana mmezaliwa mkakuta televisheni nyembamba za kutundika ukutani, kwa hiyo acheni nieleze. Televisheni ya projeksheni ilikuwa sanduku la kubebwa na watu wanne. Ndani yake, chini, kulikuwa na mirija mitatu midogo, mmoja wa rangi nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Kila mrija ulirusha picha yake kwenye kioo kikubwa kilichoegeshwa mshazari upande wa nyuma, na kioo kikazitupa zote tatu kwenye skrini ya plastiki iliyo mbele. Picha hizo tatu zikiangukiana sawasawa, mtazamaji anaona moja safi. Kupatanishwa huko tulikuita konverjansi. Zikipishana hata kwa unene wa ukucha, kila mtu kwenye skrini anaota kivuli chekundu upande huu na cha buluu upande ule. Mbele ya mirija kulikuwa na maji maalumu ya kuipoza, ndiyo maana hatukukubali sanduku hilo lilazwe hata kidogo.

Na watu waliitesa, Mungu wangu! Skrini ile ilikuwa na mistari myembamba ambayo ilitaka kitambaa laini chenye unyevu kidogo na mkono mwepesi. Nimeikuta imesuguliwa kwa sabuni ya unga na kile chuma cha kuoshea sufuria. Kuna mwenye baa mmoja wa Kamenge aliyeacha chaneli ile ile asubuhi mpaka jioni, mwanga umepandishwa hadi mwisho, mpaka nembo ya kituo ikajichora pembeni isitoke tena. Akaniuliza kama haiwezi kufutwa na petroli. Nikamwambia aniletee petroli hiyo niitie kwenye pikipiki ya shemeji yangu, itafaa zaidi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua: walilaumu umeme, walilaumu vumbi, walilaumu hata unyevu wa ziwa.

Lakini kwa nini niwalaumu wao peke yao? Kila sanduku lilitoka kiwandani na kitabu cha maelezo, na kitabu kilisema yote. Punguza mwanga siku ya kwanza, kwa sababu dukani hupandishwa ili picha ing'ae mchana. Usiache picha isiyotembea. Ukiihamisha, panga upya konverjansi kwa kibonyezo cha telekomandi, ile rimoti ya mkononi. Shefu wa ateliye alikuwa akiwasomea wateja kitabu hicho dukani, ukurasa kwa ukurasa, hata wakichoka. Alipostaafu, ateliye yetu ikawekwa chini ya Msimamizi wa duka, mwanaume wa tai na manukato ambaye hakuwahi kufungua hata redio. Wiki yake ya kwanza alitupa agizo moja: vitabu vitolewe ndani ya masanduku kabla hayajapelekwa kwa wateja.

"Mutu akijua yote, atawaita ninyi kwa nini?" akatuuliza.

Tukavitoa. Nasema tukavitoa kwa sababu mikono yangu ilikuwa humo. Nilihamishiwa huduma ya nyumbani, nikawa nazunguka mitaa yote ya mji nikiitwa kutibu masanduku yenye afya. Mlio wa kasha, ugonjwa. Picha kufifia ukisimama, ugonjwa. Nafungua mgongo wa sanduku, napuliza vumbi, nafunga, wananishukuru. Ulikuwa wizi, na hakuna jina jingine la kuupa. Bado nilijiambia kwamba haumuumizi mtu.

Kisha tukaitwa Kinanira, mtaa wa wakubwa.

Nyumba ilikuwa ya mkurugenzi wa ofisi moja kubwa, na wote walimwita Bwana Direkta. Jumamosi walikuwa wamepokea mahari ya binti yao. Mnajua siku hiyo inavyokuwa kwetu: sebule inatolewa kila kitu, viti vinapangwa safu mbili zinazotazamana, wakwe upande huu, wenyeji upande ule, na hakuna samani inayobaki kuziba macho ya wazee wanaosemezana. Televisheni iliyokuwa imesimama ukuta wa upande wa ziwa ilibebwa ikapelekwa chumbani. Jumapili wakairudisha, lakini mke wa Bwana Direkta akaona itapendeza zaidi ukuta wa pembeni, kwenye dirisha la mlimani. Ikawekwa huko. Mchana shangazi na wajomba wakakusanyika kuangalia mkanda wa sherehe, na binti akatokea mbele yao na nyuso tatu, nyekundu, kijani na buluu.

Jumatatu asubuhi nikafika na Msimamizi. Alikuja mwenyewe kwa sababu mteja alikuwa mkubwa na televisheni ilikuwa bado kwenye garanti, dhamana ya duka. Mtumishi wa nyumba, Venansi, mwanaume wa makamo aliyefanya kazi hapo tangu binti huyo akiwa mchanga, alikuwa amesimamishwa karibu na mlango wa jikoni kama mshtakiwa.

"Ni huyu ameiangusha," Bwana Direkta akasema. "Anakataa tu."

"Apana, patroni," Venansi akajibu. "Tuliibeba watu ine, polepole, imesimama. Mi nilishika hapa chini." Kisha akanigeukia. "Mama, we ni fundi. Iangalie tu. Wewe utajua kama niko nadanganya."

Nikaiangalia. Nilifungua mgongo wake na kuchukua muda wangu wote. Kioo kikubwa kilikuwa kizima, hakina hata ufa wa unywele. Maji ya kupoza hayakuwa yamevuja. Pembe za kasha hazikuwa na mkwaruzo, na vumbi juu ya lenzi lilikuwa limelala bila kuguswa. Sanduku lililoanguka halifanani hivyo. Nilijua kilichotokea kabla hata sijafungua, nilipoona alama za miguu ya sanduku kwenye zulia, pale kwenye ukuta wake wa zamani. Dunia ina nguvu ya sumaku, ile ile inayoelekeza sindano ya dira, na mirija ile inaihisi. Ukiigeuza televisheni kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, picha tatu zinaachana. Ni tabia yake. Dawa ni kubonyeza kibonyezo, misalaba mitatu inatokea, unaisogeza mpaka iwe mmoja, basi.

Nikaishika telekomandi. Msimamizi akanishika kiwiko, akaniongoza barazani akitabasamu ili wenyeji wadhani tunashauriana kitaalamu.

"Usiguse," akaninong'oneza. "Ukiitengeneza mbele yake na kidole kimoja, atauliza kwa nini hatukumuambia toka mwanzo. Atauliza kitabu iko wapi. Andika imeanguka, tuipeleke ateliye, wiki mbili, irudi iko safi. Garanti haihusu kuanguka."

"Na huyu mutu, patroni?"

"Mutu gani?"

Aliuliza kweli, hakuwa anatania. Nikamwonyesha Venansi kwa kidevu.

"Ah! Watagombana kidogo, itaisha," akasema. "Na we mama, mafundi wazaliwa wa hapa ni wengi, na wao wanajua kuandika."

Nimejitetea kwa sentensi hiyo miaka mingi. Nilikuwa mgeni, nilikuwa na kodi na watoto wa kulisha. Yote ni kweli, na hayaoshi kitu. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, na haki ya Venansi ilikuwa mkononi mwangu, ina kibonyezo. Niliiweka telekomandi juu ya meza. Nikachukua fiche, ile karatasi ya ripoti, nikaandika kwa Kifaransa kwamba chombo kimeanguka kwa uzembe wa mbebaji, nikatia sahihi yangu chini.

Venansi hakujua Kifaransa. Alisogea hatua moja, akaniuliza kwa upole, "Mama, umeona nini?"

Nikainama kufunga mkoba wangu ambao ulikuwa umeshafungwa.

Alifukuzwa kabla gari letu halijatoka getini. Nilimwona akishuka mteremko wa Kinanira na vitu vyake ndani ya shuka, hakuna aliyemsindikiza, hata yule binti aliyemlea. Kule ateliye niliizungusha televisheni ile kuelekea upande ilioelekea sebuleni kwao, nikabonyeza, nikasogeza misalaba, na kabla chai haijapoa picha ilikuwa safi kabisa. Ikakaa wiki mbili kwenye kona, nzima, imefunikwa kitambaa, ikingoja uongo wetu uive. Kila asubuhi niliipita.

Mnataka kujua nilipata adhabu gani? Nilipandishwa cheo. Msimamizi alisema mimi ni mtu wa kutegemewa, akanifanya shefu wa ateliye, nikapewa koti jeupe lenye jina langu kifuani. Nikafundisha mafundi wengi kuitunza projeksheni, na niliwafundisha vizuri, hilo hakuna atakayeninyima. Baadaye zile nyembamba zikaja, masanduku yetu yakageuzwa makabati ya sahani na mabanda ya kuku, duka likafungwa. Nilimalizia kazi na meza yangu mwenyewe Kamenge, nikitengeneza redio za wanafunzi, mpaka macho yakakataa kuona risasi ya kuchomelea.

Kustaafu ni kubaya kwa mtu mwenye jambo kama langu. Ukiwa kazini, mikono inakuzuia kufikiri. Nyumbani nilikuwa nakaa tu, na hasira ikanikuta nimekaa. Nilimkasirikia Msimamizi, nikamkasirikia Bwana Direkta aliyeamini karatasi kuliko mtu aliyekula naye miaka yote hiyo, nikawakasirikia hata vijana wanaoniletea simu zao na kuniita bibi mwenye heshima. Mwishowe mama mmoja wa kanisani kwetu akanitajia, bila kujua chochote, mzee Venansi anayeanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kule ufukweni Kajaga. Alisema ni mtu mwema asiyekuwa na bahati. Alikuwa ametafuta kazi ya nyumba kila mahali, na kila mlango aliambiwa, wewe ndiye uliyevunja televisheni ya Direkta.

Nikaenda Jumanne asubuhi. Nilimkuta akigeuza ndagala kwenye vyandarua, mgongo umepinda, mvi kichwa kizima. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza. Akafuta mikono kwenye suruali, akaniletea kiti, akamwita mke wake atoke.

"Njoo uone! Huyu ndiye ule mama fundi wa Kinanira!"

Mke wake akasimama mlangoni bila kunisalimu. Nikaona afadhali niseme kabla sijapewa maji, maana nikishakunywa maji yao ningeshindwa. Nikamwambia yote. Kwamba ile televisheni haikuwa na kitu. Kwamba iligeuzwa ukuta tu, na kila fundi anaijua tabia hiyo. Kwamba nilijua pale pale, nikaandika imeanguka. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

Venansi aliokota ndagala mmoja aliyedondoka mchangani, akampuliza, akamrudisha juu ya chandarua.

"Kumbe ulijua," akasema.

"Nilijua, baba."

"Mi nilikuwa nawaambia watu, ule mama hakukosa kwa roho mubaya. Ile mashine ni ngumu, hakuijua. Huyu bibi yangu alikuwa anakutukana, mi namukataza. Miaka yote niko nakutetea." Akamtazama mke wake, kisha akanitazama mimi, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilikuwa nimeshakusamehe, mama. Sasa umekuja kuniomba nianze upya?"

Mke wake akaja, akachukua kile kiti nilichokuwa nimekikalia kabla sijainuka, akakirudisha ndani.