Kitsao na Chupa Yake ya Pilipili

Kaka yangu Kitsao hana mengi ya kujivunia duniani, ndiyo maana akachagua pilipili. Miaka yote aliyofanya kazi kiwandani Changamwe hakupandishwa cheo. Shambani kwa baba alishindwa hata na mihogo, na kwaya ya kanisa ilimwomba kwa upole akae upande wa wasikilizaji. Lakini ukimkuta nyumbani kwake Kiembeni, ameketi kibarazani na chupa yake mbele, utadhani ni jaji. Kazi yake ni kuhukumu ndimi za watu.

Chupa yenyewe ilikuwa ya dawa ya kikohozi. Karatasi yake ilishabanduka zamani, lakini ukiinusa vizuri, chini ya ile pilipili mbuzi na ukwaju na kitunguu saumu, bado utapata harufu ya dawa ya kifua. Huitembeza ndani ya mfuko wa shati, mahali ambapo wazee wenzake wa kanisa huweka kalamu. Huitengeneza mwenyewe kila Jumamosi, na siku hiyo majirani wote hufunga madirisha. Miche iko nyuma ya nyumba. Mabomba yakikauka na maji yakawa ya kununua kwa mitungi, miche hunywa kwanza, kisha watu hutazamana kujua nani ataoga.

Na dharau aliyonayo! Sijui mama alimzaa nayo au aliiokota kiwandani. Sosi ya nyanya anaiita uji wa wagonjwa. Ile pilipili tamutamu ya madukani Nyali, anasema ni sukari iliyopotea njia. Wauza viazi karai wa Likoni wakimwona anashuka feri hugeuza nyuso, maana atachovya kipande kimoja kwenye ukwaju wao, atatafuna polepole amefumba macho, kisha atauliza kwa sauti ya kusikika na kila mteja, "Hii mmetia pilipili, au mmeitaja jina tu?" Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashiani. Kaka yangu zimemwasha zote, alizokula na asizokula.

Siku moja tulikuwa matangani kule Kaloleni. Udongo wa kaburi bado mbichi, sisi tunafuta machozi, yeye katoa chupa anaitikisa juu ya wali wa msiba. Mjane alimtazama mpaka akasahau kulia. Mimi niliona aibu hadi nikahamia jamvi la watu nisiowajua, ili nisiulizwe kama yule ni ndugu yangu.

Lakini aliyenitia uchungu hasa ni mkewe, Kafedha. Mwanamke yule anajua kupika. Kuku wake wa nazi ukimla unaweza kumsamehe adui yako kabla ya kunawa mikono. Kitsao hajawahi kumla kuku huyo. Nasema hajawahi, kwa sababu tangu amwoe, sahani ikitua tu mezani, kabla ya tonge la kwanza, chupa imeshainamishwa. Anachokula ni pilipili yake mwenyewe, kuku yuko mbali huko. Wakati mmoja Kafedha aliniambia, akichambua mchicha bila kuinua macho, "Wifi, mimi sijui kama mume wangu apenda mapishi yangu. Hajayaonja." Hakulia. Angelia ningejua la kumwambia.

Sasa mtu wa namna hii Mungu akampa binti, Winfred, mwalimu wa chekechea. Mchumba wa kwanza aliyemleta nyumbani alikuwa kijana wa Rabai, mpole, mwenye kazi yake. Kosa lake aliulizia sosi ya nyanya. Kitsao alimsindikiza hadi nje, akamwonyesha barabara, akarudi kumalizia chakula. Wa pili aliila ile pilipili, akamaliza jagi zima la maji na hakuonekana tena, sijui kwa hasira au kwa tumbo. "Mwanamume akimbiliaye maji," Kitsao alisema, "atakimbilia na mengine." Eti hiyo ndiyo hekima yake. Ameiokota chini ya kifuniko cha chupa ya kikohozi.

Kwa hiyo Winfred alipompata Kefa, mekanika wa malori huko Changamwe, mtu wa Bungoma, alikuja kwangu uso ameukaza.

"Shangazi," akaniambia, "baba akimfukuza na huyu, sileti mwengine. Nitakaa papa hapa nizeeke nikimwagilia miche yake."

Namjua mtoto yule. Hakuwa akitania.

Akamfundisha Kefa kila kitu. Namna ya kusalimia na kungoja akaribishwe. Namna ya kuketi asimwelekezee mzee nyayo. Na kuhusu pilipili, alimfundisha kama anayempeleka mtu vitani: weka, kula, usiguse maji, usiguse macho. Kijana wa watu akaahidi. Kuna jambo moja hakufundishwa, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufundishwa. Tulilikuta tu nyumbani, kama tulivyokuta mlango.

Wakaja Jumapili baada ya ibada. Kefa alikuwa amevaa shati jeupe lililokunjuliwa siku hiyo hiyo, mikunjo bado imesimama. Alifuatana na mama yake mdogo, Nafula, mwanamke mnene wa sauti kubwa ambaye nilimpenda mara moja. Kafedha alipika tangu alfajiri: wali, kuku wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Kitsao alikaa kichwani mwa meza. Sala ya chakula ilikuwa fupi ajabu kwa mzee wa kanisa, kwa sababu mkono ulikuwa mfukoni tayari.

"Kijana," akasema, akiitua chupa katikati ya meza, "nyumbani kwangu mtu hujulikana kwa hii."

Kwanza akaiinamisha juu ya sahani yake mwenyewe hadi wali ukabadilika rangi, kisha akaitua mbele ya Kefa. Kefa alikuwa amekwisha kula matonge mawili matatu, kwani ndivyo wafanyavyo watu wenye akili. Akatia tone moja.

"Hiyo ni ya kula, ama ni ya kuombea?" Kitsao akauliza.

Kefa akatia zaidi, akala. Nilimtazama kwa huruma. Jasho lilimtoka kwanza juu ya mdomo, halafu masikio yakamwiva, halafu kwikwi ikamshika, kwikwi ya mtoto mchanga katika mwili wa mtu anayeinua injini za malori. Glasi ya maji ilikuwa mbele yake. Hakuigusa. Akala mpaka mfupa ukabaki mtupu.

Kitsao aliacha kutafuna. Nikaona, kwa mara ya kwanza tangu tuwe watoto, kaka yangu anakaribia kumsifu mtu.

"Haya, niambie," akasema, kwa sauti iliyolainika kidogo. "Unaionaje?"

Winfred akanitazama. Nami nikautazama wali wangu.

"Baba, nisikudanganye," Kefa akajibu, akipangusa machozi. "Mimi pilipili sikulangi. Hapa nimesikia moto tu. Lakini ile kuku ya mama, kabla niweke hii, ilikuwa tamu sana. Hata nilikuwa nataka kuomba ingine."

Kafedha alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchuzi. Alibaki hapo hapo na bakuli lake. Maneno aliyoyangoja ndoa nzima yalikuwa yameletwa na mgeni, kwa Kiswahili cha Bungoma, na kwikwi juu yake.

Kitsao akavimba. "Nirudishie chupa yangu," akasema.

Ndipo kijana akafanya kosa. Alichukua kifuniko, akaifunga chupa vizuri, akaipangusa kwa leso yake, akainuka, akazunguka meza mpaka kwa mzee. Akapinda goti kidogo na kumnyooshea kwa mikono miwili, adabu tupu.

Kitsao akaficha mikono chini ya meza.

Kwetu pilipili haipokezwi mkono kwa mkono, wala chumvi. Unaitua, mwenzako anaichukua. Ukimpa mtu mkononi mtagombana, na ugomvi wenyewe haukawii. Kwao Kefa nako, mzee hatupiwi kitu mezani kama mfupa wa mbwa. Anapewa kwa mikono miwili, naye anapokea. Basi kijana akasimama pale, mikono mbele, akingoja kupokelewa. Mzee akakaa pale akingoja kutuliwa. Kwikwi ya Kefa ilisikika chumba kizima.

"Kaka, pokea," nikamwambia.

"Sipokei."

"Mzee," Nafula akasema, na sauti yake kubwa ikawa ndogo, jambo lililonitisha zaidi. "Mtoto amekupatia na mikono mbili. Amekosea nini? Kama humtaki, sema tuende."

Akaanza kukusanya mkoba wake. Winfred, upande wa pili wa meza, alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa nguvu, na uso wake ulikuwa ule ule alionijia nao nyumbani.

Nikapandwa na hasira, nisifiche. Huyu ndiye mzee wa kanisa aliyesimama mwezi uliopita mbele ya waumini akiponda hirizi na waganga, akasema Mkristo hana la kuogopa chini ya jua. Sasa anaiogopa chupa ya dawa ya kikohozi!

"Kitsao!" nikamwambia. "Utamwoza mtoto wako, au utamwacha aoze kwa ajili ya pilipili?"

"Dada, hujaelewa," akasema. Alikuwa akitokwa na jasho, na si la pilipili. "Nikiipokea nitagombana naye. Miye huyu sitaki kugombana naye."

Nafula akauacha mkoba. Pumbavu la mtu! Alikuwa amempenda kijana. Alimpenda tangu ile glasi ya maji isiyoguswa, na sasa alikuwa radhi kumpoteza mkwe ili asije akakosana na mkwe. Kama kuna akili katika jambo hilo, na itafutwe chini ya ukwaju, kwa maana mimi sikuiona.

Winfred akainuka. Hakumtazama baba yake. Alizunguka meza, akasimama mbele ya Kefa, akafungua viganja.

"Nipe mimi," akasema.

"Winfred!" Kitsao akapiga kelele. "Mkononi?"

"Mkononi, baba. Kugombana na huyu ni haki yangu. Si ndiye nitakayeishi naye?"

Akaipokea chupa, mkono kwa mkono, mbele yetu sote. Kafedha akapiga kigelegele pale pale mlangoni, mchuzi ukamwagika sakafuni na hakuna aliyejali. Nafula hakujua kilichotokea, lakini kigelegele anakijua, akajibu kwa chake.

Nilidhani Winfred ataitua chupa mbele ya baba yake. Hakuitua. Aliipeleka kwa mama yake, akaiweka juu ya kabati karibu naye. Kafedha akaitia ndani, akafunga kabati, akatoa ufunguo. Kisha akaondoa ile sahani iliyokwisha kuharibiwa mbele ya mumewe, akampakulia nyingine, kuku na wali mtupu, mweupe.

"Onja kwanza," akasema.

Kitsao aliitazama sahani ile kwa shaka kubwa. Lakini wageni walikuwa wakimtazama, na mkwe alikuwa bado na kwikwi kwa ajili yake. Akamega, akatia kinywani, akatafuna akiwa amefumba macho, vile vile anavyowafanyia wauza viazi wa Likoni. Kafedha alisimama mbele yake mikono ndani ya leso aliyojifunga. Nilimwomba Mungu, kwa mara moja tu, ampe ndugu yangu neno la maana.

Kitsao akameza. Akafumbua macho.

"Chumvi," akasema, "imepungua kidogo."

Ningekuwa karibu ningempiga kwa mwiko. Lakini Kafedha alicheka, cheko ambalo sijawahi kulisikia kwake, akaenda jikoni na kurudi na kikopo cha chumvi. Hakukitua mezani. Alisimama mbele ya mumewe akamnyooshea mkononi, akangoja.

Kaka yangu alikitazama kikopo, akamtazama mkewe, akaelewa. Akapokea.

Mume na mke waligombana hadi siku ya harusi ya Winfred, na Kafedha alipendeza siku zote hizo.