Sikuipima Damu ya Mama Mkwe

Nianze na ubaya wenyewe kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nimekuzoea mno. Mimi niliandika kwenye kadi ya mama mjamzito kwamba damu yake haina ugonjwa, na damu hiyo sikuipima. Hata tone moja! Mama huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Ilikuwa miaka ya sabini, kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Mbumbuni. Maabara ilikuwa chumba kimoja, darubini moja, na mashine ya kuzungushia damu ambayo niliizungusha kwa mkono mpaka bega likauma. Mpimaji nilikuwa mimi peke yangu. Watu waliniita daktari, nami sikuwakataza. Kijana wa miaka ishirini na sita, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni. Nilijiona sana!

Siku za kliniki, sista aliwatoa wajawazito damu, akaniletea chupa zao kwenye kibao cha mbao, kila moja ina kipande cha plasta chenye jina. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kaswende. Akina mama wengi wenye ugonjwa huo hawakuwa na kidonda wala maumivu. Unalala ndani kimya, halafu unamdhuru mtoto. Hilo nilifundishwa na nililijua vizuri. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Siku hiyo nilimaliza chupa ya sita, nikaishika ya saba, nikasoma jina. Aiee! Ilikuwa ya mama wa mke wangu.

Kama wewe si Mkamba huenda utacheka, lakini sisi tuna nthoni. Mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Tukikutana njiani, mimi naingia vichakani upande huu, yeye anageuza uso upande ule. Hatuli pamoja, hatuangaliani, jina lake silitaji. Tangu nimwoe binti yake, alikuwa hajawahi kunisemesha. Na sasa damu yake iko mkononi mwangu, bado ina joto, nami natakiwa niangalie kama ana ugonjwa wa kitandani!

Habari zake nilizijua kupitia mke wangu. Alimzaa mke wangu akiwa msichana mdogo, kwa hiyo alikuwa hajafika hata arobaini. Baba mkwe alifanya kazi Mombasa, akija nyumbani Krismasi na wakati wa kupanda. Mimba mbili zilizotangulia hii zilikuwa zimeharibika, zote karibu na mwezi wa saba. Unaona? Mtu wa maabara akisikia hivyo hahitaji kuambiwa mara ya pili. Damu kama hiyo ndiyo ya kupima kwanza!

Lakini mimi nilifikiri kama mkwe. Nikikuta kaswende, lazima nimwambie sista, na sista anaimba kwaya moja na mke wangu. Sista atataka baba mkwe aitwe naye achomwe sindano. Yule mzee nitamtazamaje? Niliona nikiiweka damu ile chini ya darubini nitakuwa nimemvua nguo mama wa mke wangu.

Njia zilikuwepo. Gari la hospitali ya wilaya lilipita kila Jumatano. Ningeituma damu huko. Au ningemwambia sista, "Huyu ni mkwe wangu, siwezi," naye ni Mkamba, angeelewa bila kuuliza swali. Lakini hapo ningekubali kwamba kuna kazi inayomshinda daktari. Nthoni ilikuwepo, sikatai. Kiburi nacho kilikuwepo, tena kikubwa.

Nikaimwaga damu kwenye sinki. Nikaandika kwenye kadi: hana ugonjwa. Kisha nikachukua chupa ya nane, nikaipima vizuri kabisa.

Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa anacheka peke yake jikoni. "Mwaitu amefurahi sana," akaniambia, yaani mama yake. "Anasema hii mtoto sasa itakaa, kwa sababu imepimwa na mtu wetu."

Nilimwambia anipe chumvi.

Mtoto alizaliwa mimba ikiwa ya miezi minane, msichana, amekwisha kufa. Ngozi yake ilikuwa inachubuka kama ya mtu aliyeungua kwa maji moto. Mke wangu alimwona. Alirudi nyumbani, akakaa mlangoni na leso kichwani, hakupika siku mbili. Mimi nilijua nilichofanya, nikaenda kazini nikavaa koti.

Hospitalini alikojifungulia, daktari aliuliza kama damu ilipimwa. Mama mkwe akatoa kadi. Daktari akasoma mwandiko wangu, akaliacha jambo hilo. Kwa hiyo hata matibabu niliyomnyima mara ya kwanza, nilimnyima mara ya pili nikiwa sipo!

Baba mkwe akaja kutoka Mombasa na maneno machafu. Akasema mbele ya ndugu zake kwamba mke wake ameokota ugonjwa kwa wanaume. Mama mkwe akamnyooshea ile kadi. "Soma! Mimi niko safi. Kijana yetu ndiye alipima." Mzee akanywea. Basi watu wakatafuta mchawi, wakampata: mjane jirani, aliyekuwa akimletea mama mkwe uji wa wimbi. Walimsusia kisimani, wakamsusia hata kanisani. Kila Jumapili nilikuwa nakaa benchi la mbele nikimwona ameketi peke yake nyuma, na sikufungua mdomo.

Na mama mkwe? Ananishukuru! Kila msimu wa asali ananitumia kibuyu kupitia mke wangu. Mimi nasema tumbo linanisumbua, wenzangu nyumbani wanakula.

Nilikaa hivyo miaka miwili. Siku moja mke wangu akaniambia mama yake ana mimba tena, ya miezi mitatu. Nikamuuliza kama ameenda kliniki.

"Ameenda, lakini amekataa kutolewa damu. Anasema hiyo damu ulishapima na iko safi."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikamwambia mke wangu kila kitu palepale, kuanzia chupa ya saba mpaka sinki. Hakulia. Akafunga leso yake upya.

"Utamwambia wewe," akasema. "Mimi hiyo sibebi."

Tukaenda. Mama mkwe alikuwa ndani ya jiko lake, mimi nikasimama nje, mgongo umeelekea ukuta, kama adabu inavyotaka. Mke wangu akaingia kumwambia nina neno. Nikasema kwa sauti nikiangalia ng'ombe: damu yako sikuipima, niliimwaga, nikaandika uongo, na mtoto wako nadhani alikufa kwa sababu hiyo.

 Nilisikia mwiko ukiwekwa chini. Kisha akatoka, akazunguka, akaja kusimama mbele yangu, akaniangalia machoni. Kwetu hilo halifanyiki! Nikainamisha kichwa.

"Mimi sikukupatia heshima yangu uchunge," akasema. "Nilikupatia mtoto wa tumboni."

Akarudi jikoni. Hajanisemesha tena mpaka leo, na si kwa sababu ya nthoni.

Mke wangu alimpeleka hospitali ya wilaya kesho yake. Wakapima, wakakuta kaswende. Akachomwa sindano, na baba mkwe akaitwa, akachomwa, akarudi Mombasa bila kumwomba mtu msamaha. Mtoto akazaliwa mzima, mvulana, anapiga kelele. Mimi nilikwenda kwa mkubwa wa kituo nikasema nilichofanya, nikavuliwa koti. Sikulalamika. Nilimtafuta yule mjane pia, nikaambiwa alishahamia kwa dada yake kule Malili na amezikwa huko.

Wewe unayefanya kazi ya maabara, siku moja utaletewa damu ya mkwe wako, au ya dada yako, au ya mke wa pasta. Sema huwezi, aipime mwingine. Ni aibu ya dakika moja! Usiandike kitu ambacho macho yako hayajaona. Nawe mama, kama mimba zinaharibika na kadi inasema uko mzima, rudi upimwe mahali pengine, na umwombe mpimaji akupime mbele yako. Akinuna, mwache anune. Mimi sikununiwa na mtu, niliheshimiwa na kila mtu, na msichana yule alizikwa nyuma ya nyumba ya mama yake bila hata kupewa jina.