Walipouombea Moyo Wangu

Daktari aliniambia moyo wangu ni mzima, nami nikaona aibu kana kwamba amenishika nikiiba.

Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi, ndani ya basi la kurudi Wembley, mtaa wetu hapa London, nilikuwa nikiwaza akina mama wa kanisani. Tangu siku ile nilipopiga magoti nikishika kifua katika kituo cha kutunza wazee ninakofanya kazi, wamekuwa wakiuombea moyo wangu kwa zamu, wengine hata kwa kufunga. Sasa niwaambie nini? Kwetu, ukisema umepimwa na hakuna kitu kilichoonekana, unageuka kutoka mgonjwa kuwa mvivu papo hapo. Mimi mwenyewe nimeshawasema watu hivyo, tena bila haya.

Na maumivu yalikuwepo. Yalikuja kama mtu amenikanyaga kifuani kwa kiatu cha kazi. Daktari alinieleza kuwa ni maumivu ya kweli, ila yanatoka kwenye umio, njia ya chakula, ambako neva zangu zinapiga kelele bila sababu. Akaniazima miwani ya VR, lile dude linalofunika nusu ya uso, niwe naivaa nyumbani. Ndani yake kuna bonde lenye ukungu na taa za karatasi. Ukivuta pumzi hadi tumboni huku ukiinua mikono polepole, taa zinapaa, ukiishusha, zinatua. Mama mzima kama mimi, nikirusha taa zisizokuwepo sebuleni! Nilifunga mapazia majirani wasinione. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba dude lenyewe lilinisaidia.

Jumamosi moja, taa zangu zikiwa juu kabisa, nilisikia wimbo. Nilidhani umetoka kule bondeni, mpaka nikaitambua sauti nene ya mke wa mchungaji. Binti yangu alikuwa amewafungulia mlango, kisha akarudi kwenye simu yake bila kuniambia. Wageni walimkuta mwenzao ameketi, mikono juu, anapumua kwa kina. Na kwetu ukimkuta mtu katika maombi humkatizi, unaungana naye. Miwani walidhani ni mashine ya hospitali.

Nikaivua. Sebule ilijaa akina mama waliofumba macho. Mezani palikuwa na sufuria ya pilau na chapati zilizofungwa kwa kitambaa. Mmoja wao alikuwa akilia, akimsihi Bwana auzibue mshipa wa moyo wangu. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

"Amina," nikasema.

Mke wa mchungaji aliitazama miwani kwa heshima. "Hiyo ndiyo inasaidia moyo kusukuma damu?"

Nilifungua mdomo, na neno "ndiyo" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Binti yangu akaniwahi, macho yakiwa bado kwenye simu.

"It's a VR headset, Auntie. There's nothing wrong with her heart. They checked."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi niliumbuliwa na binti yangu, kwa Kiingereza chake: ni miwani tu, moyo umepimwa na hauna shida.

Pilau ikaendelea kunukia vizuri, jambo lililozidi kunitia haya.

"Heh!" mke wa mchungaji akasema hatimaye. "Sasa muda huu wote tumekuwa tukiombea nini?"

Masikio yaliniwaka moto. "Sijui, mama. Kifua kinaniuma. Wamepima kila mahali, hawajaona kitu, lakini kinaniuma."

Nikauficha uso kwa mikono ileile niliyokuwa nikirushia taa. Nilingoja wakohoe na kuanza kutafuta makoti yao. Ningekuwa mimi, ningeshakuwa mlangoni.

Nikasikia kochi likibonyea kando yangu.

"Wapi?" mke wa mchungaji aliuliza.

Nikamwonyesha. Akaweka kiganja chake pale pale, kizito na cha moto kwa kubeba sufuria.

"Si ungetuambia," alisema. "Tumeusumbua moyo wa mtu bure." Kisha akafumba macho. "Baba, tunaanza upya. Ni kifua."

Wenzake wakaitikia amina, wote. Mimi sikuweza kuinua uso.