Waya wa Reli Kinywani Mwangu

Mpaka leo, nikisikia kitu kigumu kikigonga ndani ya kikombe cha bati, damu hunichemka. Hata kiwe kijiko tu. Nyumbani kwangu wameshazoea. Wakiniona nimeinua kichwa na kukunja uso, wananyamaza. Ninyi nitawaeleza sababu, na naomba mkae upande wangu, maana siku ile hakuna hata mmoja aliyekaa upande wangu.

Nilikuwa darasa la tano pale Kibaha, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na meno yangu ya mbele yalikuwa yamepandana kama watu wanaogombea foleni ya sukari. Baba alikuwa dereva hospitalini. Siku moja alinipeleka ning'olewe jino bovu, na daktari wa meno, Mzungu mmoja mrefu mwenye vidole vinavyonuka karafuu, akanichungulia kinywani akafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Meno haya yananyooka, akasema. Baada ya muda akanitengenezea kibao chembamba cha plastiki, rangi ya ufizi, kinachokaa kwenye kaakaa, chenye waya unaozunguka meno kwa mbele. Wakati wa kula kinavuliwa, kinasafishwa, kinarudishwa. Nikikaa siku chache bila kukivaa, meno yatarudi yalikotoka. Na kikipotea hakuna kingine, kwa sababu mkataba wake ulikuwa unakwisha na alikuwa anarudi kwao.

Basi nikaanza maisha ya mgonjwa asiyeumwa. Muwa, marufuku. Mahindi ya kuchoma, marufuku. Ubuyu, marufuku, eti mbegu zake zitalegeza waya. Hata korosho, mimi ambaye mama yangu ni mtu wa Mzenga na korosho nimezijua kabla ya kujua kutembea! Dawa ya meno ilikuwa haionekani madukani, kwa hiyo Mama alinisagia mkaa na chumvi, nami nikawa nasugua waya kwa mswaki wa mti asubuhi na jioni mpaka ung'ae. Maji ya moto yalikuwa mwiko, plastiki ingepinda. Daktari alipoukaza waya, usiku taya zilivuta nikalia chini ya shuka. Na nikisema neno lolote lenye "s", nilirusha mate. Shuleni wakanibatiza jina la Reli. "Reli, treni inapita saa ngapi?" Ningewajibu nini, wakati kila nikijibu nawalowesha?

Mtu pekee ambaye hakunicheka ni Bibi, mama yake Mama, kule Mzenga. Yeye alikasirika pamoja nami. "Mtoto kakosa nini, mpaka wamfunge mdomo kama mbuzi aliyekula mahindi ya watu?" Nilimpenda sana kwa hilo. Akaniahidi jogoo wake mwekundu, nimchukue siku nitakayovuliwa waya, nimle mpaka mifupa. Halafu, msimu wa korosho ulipoanza, Bibi akafariki.

Tulikwenda kwa lori. Mama hakulia njiani, hakulia tulipofika, na jeneza lilipotoka hakulia. Alikaa mkekani ameegemea ukuta, kanga imemfunika hadi kwenye paji la uso, na kila chakula alichopelekewa kilirudi kama kilivyokwenda. Kesho yake bado ilikuwa hivyo hivyo. Mama mkubwa, dada yake, alikuwa akiwanong'oneza wenzake kwamba mtu hawezi kukaa hivi, huyu naye atatutoka. Niliyasikia, lakini nilikuwa mtoto, na nilikuwa na waya wangu wa kuangalia. Nikitaka kula nilikivua kibao, nikakitia kwenye kikombe cha bati chenye maji ya chumvi, nikafunika kwa kisahani na kukiweka karibu na goti langu.

Hapo akaingia Shija. Alikuwa Mnyamwezi, mfanyakazi wa reli pale Soga, na mjomba alikuwa rafiki yake. Wasiojua mila zetu niwaambie kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo mwingine angepigwa kwa kuyafanya. Anamwigiza marehemu. Anachukua kitu cha wafiwa na kukataa kukitoa mpaka kikombolewe. Na haruhusiwi mtu kumkasirikia.

Shija alikuwa amejifunga kanga ya Bibi, ameshika mkongojo wake, anakohoa kikohozi chake kile kile. Wanawake walicheka huku wakijifuta machozi. Mama hakuinua macho. Shija akazunguka uani, akatukana uvivu wa Wazaramo, akamtazama Mama tena. Bado. Ndipo alipokiona kikombe changu. Akafunua kisahani, akakitikisa, kwa, kwa, kwa, akachomoa kibao na kukiinua juu ya watu wote.

"Jamani, nimeupata! Waya wa simu wa reli! Tumeutafuta Soga mpaka Ruvu, treni zinachelewa, wakubwa wanatutukana, kumbe Wazaramo mmeuficha mdomoni mwa mtoto!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata hapa, mbali na shule, nikawa Reli. Nikaruka kukidaka, akakipandisha juu zaidi. Nikamwambia kitavunjika, daktari anaondoka, hakuna kingine. Akasema anataka jogoo. Na jogoo aliyekuwa anapita pale uani ni yule yule mwekundu, jogoo wangu!

"Hakasirikiwi huyo, mwanangu," mama mkubwa akaniambia. "Ni mtani."

Hakasirikiwi! Amenichukulia meno yangu hadharani, anataka jogoo wangu kama fidia, na mimi ndiye ninayefundishwa adabu! Sheria gani hiyo inayomkataza aliyeonewa hata kununa? Nikamshika mkono uliokuwa karibu nami, nikamng'ata kwa nguvu zangu zote.

Kicheko kikakatika. Kumng'ata mtani msibani! Mjomba alikwishaanza kuvua kandambili anifuate nayo. Shija akautazama mkono wake kwa makini, kisha akaenda mpaka kwenye mkeka wa Mama, akachuchumaa, akamnyooshea mkono wenye alama za meno yangu.

"Dada, hebu tazama. Yote yamekaa mstari mmoja. Daktari kafanya kazi, dada. Kazi safi, nimepata mimi cheti chake."

Mama akatazama. Mabega yakaanza kumtikisika, na Mama yangu mzazi, mbele ya watu wote, akanicheka. Alicheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani, na kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa, wanawake wakamzunguka na kumshika. Baadaye akaomba uji.

Mimi sikujali uji. Nilirudishiwa kibao, jogoo akachinjwa, wakamla wote, nikapewa bawa. Tulirudi Kibaha sijasema na Mama neno njia nzima. Meno yalinyooka, kama mnavyoyaona, lakini Shija sikumsamehe.

Juzijuzi amefariki, mzee kabisa, kule Soga. Nilikwenda, mtani hakosi msiba wa mtani. Nikamkuta mjane wake mkekani, ameegemea ukuta, na sahani ya wali inarudishwa jikoni haijaguswa. Wakaniambia hajalia wala kula tangu wazike. Dirishani palikuwa na kikombe cha bati, na ndani yake meno ya bandia ya marehemu.

Sikuwa nimepanga lolote. Nilikichukua, nikakitikisa, kwa, kwa, kwa, nikapaza sauti. "Jamani, mwizi wa waya wangu kafa na ushahidi! Kaniibia waya, meno yake mwenyewe hayakunyooka! Sitoi mpaka jogoo!"

Hapo ndipo nilipoelewa Shija alikuwa anamtafuta nani siku ile, uani kwa Bibi. Mjane aliinua uso. Akanitazama mimi, akatazama kikombe, na mabega yakaanza.

Mjukuu wao wa kike, aliyekuwa akimsafishia babu yake meno yale kila jioni, alinijia machozi yamemlenga. "Shangazi, weka chini hicho kikombe! Huna haya?"

Mtu mmoja akamwambia hakasirikiwi huyo, ni mtani. Binti aliniangalia kwa macho ambayo nilikuwa nayajua vizuri sana, nami sikumwomba radhi. Nilimwacha na hasira yake, nikaenda jikoni kumchotea bibi yake uji.