Rimu ya Mbele Kushoto

Mbele ya mlango wa Muia, katika kijiji cha Raila pale Kibera, palikuwa na kipande cha saruji kisichozidi godoro la mtu mmoja. Hapo ndipo alipofanyia kazi. Garage ya Kawangware aliyoitumikia miaka tisa ilifungwa, kiwanja kikachukuliwa kujengwa gorofa, naye akarudi nyumbani na brashi mbili za waya na ujuzi wa kitu kimoja tu: kuzifufua rimu kuukuu za magari.

Waliomletea kazi walikuwa watu wa mfuko mwembamba, madereva wa teksi na vijana walionunua gari la kwanza. Muia aliziosha rimu zao kwa sabuni ya unga, akasugua kutu kwa msasa mkali, kisha msasa laini, kisha ule wa kulowekwa majini, mpaka vidole vikachubuka. Palipokwaruzwa na ukingo wa barabara alijaza filla, ule uji mzito unaokauka ukawa mgumu. Kama rimu ilikuwa bado imevaa tairi, alikata kalenda za zamani vipande vipande akavichomeka kati ya mpira na chuma, rangi isivuke. Halafu alipuliza rangi ya kopo, tabaka tatu nyembamba, huku akingoja kila moja ikauke. Majirani walishajua: wakiona Muia anatikisa kopo, wanaanua nguo. Mkewe, Nzilani, alilalamika kwamba hata unga wa ugali ulinuka thina ya rangi, lakini hakumkataza. Walikula kutokana na kazi hiyo, na binti yao Mbula alisoma kwa kazi hiyo.

Kavoi, fundi mzee aliyemfundisha kule garage, alimwachia desturi moja. Kabla ya kuigusa rimu kwa rangi, igonge kwa spana usikilize. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa sauti butu, kama sufuria iliyojaa maji. Ukiwa na shaka, ipake mafuta ya taa, ipanguse, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari juu ya chaki.

Mwezi wa tatu, Muigai alikuja. Alikuwa dalali wa magari kule Kawangware, mcheshi, mtu wa kuita kila mtu kamanda. Alimletea Muia rimu nne bila matairi, akazitaka kesho yake. Ilikuwa kazi ya kwanza baada ya siku kumi na moja.

Rimu tatu zililia vizuri. Ya nne haikulia. Muia alileta mafuta ya taa, akaleta chaki, na mstari ukajitokeza upande wa ndani, urefu wa kidole. Alimpigia Muigai simu papo hapo.

"Boss, moja iko na ufa."

"Si ujaze filla?"

"Filla ni ya kuficha mkwaruzo. Haiwezi kubeba gari. Hii ni ya kutupa, utafute ingine."

"Sawa, nitatafuta. Lakini maliza zote nne zikae kama seti. Kuna mtu anakuja kuona gari, nataka kupiga picha."

"Hiyo utaitoa kabla uuze?"

"Kamanda, kwani mimi ni mtoto? Nimekuambia nitatoa."

Muia aliirudisha simu mfukoni. Angeweza kuirudisha rimu jinsi ilivyokuja. Badala yake alifungua mkebe wa filla. Aliujaza ufa, akasugua, akapuliza rangi ya fedha. Kilichomwuma baadaye ni kwamba aliifurahia kazi yenyewe. Kwa kuwa aliihofia, aliitunza kuliko zile nyingine, ikatoka nzuri kuzishinda zote. Alimwita Nzilani aje aione.

Wiki iliyofuata alimpigia Muigai kumkumbusha. "Nishatoa, tulia," akajibiwa. Akapiga tena siku nyingine, simu haikushikwa. Kazi nyingine zikaja, akaacha kupiga.

Mwezi wa saba, asubuhi moja ya baridi na manyunyu, mwanamke mmoja alisimama mbele ya ile saruji akiwa amebeba gunia dogo kifuani, kama mtu anavyobeba mtoto.

"Wewe ndio fundi Muia wa rimu?"

"Ndio mimi, mama. Karibu."

Nzilani alimtolea kiti cha plastiki. Mgeni alisema anaitwa Phanice, ametoka Kawangware, upande wa Gatina. Mumewe aliitwa Shiundu. Mwezi wa tatu alinunua gari kwa dalali, na mwezi wa tano alikuwa kwa teksi hiyo Naivasha Road, asubuhi, hana hata abiria. Gurudumu la mbele kushoto likavunjika, gari likaenda ukutani. Alikufa kabla ya kufikishwa hospitali.

"Polisi waliandika alikuwa anakimbiza gari," alisema. "Ndugu zake wakaongeza pombe. Wanasema nilimwacha anakunywa mpaka akajiua. Fundi, Shiundu hakuwa anaonja hata busaa ya harusi. Siku ya kumzika, ndugu yake alisema hivyo mbele ya watu, na watoto wangu wakisikia."

Alifungua gunia. "Nimezunguka garage nne. Mmoja akaniambia, kama unataka kujua rimu, enda Raila uulize Muia. Niangalilie tu. Ilivunjika kwa sababu ya kugonga, ama iligonga kwa sababu ilivunjika?"

Alimpa kipande cha chuma kilichotoshea viganja viwili. Muia alikigeuza. Rangi ya fedha, tabaka tatu. Chini yake filla ya kijivu, iliyosuguliwa kwa uangalifu mpaka ukingoni. Mtu huujua mkono wake kama anavyoujua mwandiko wake. Pale chuma kilipokatika, nusu ilikuwa nyeusi na chafu, ufa wa siku nyingi. Nusu ya pili ilikuwa nyeupe inayong'aa, pale kilipomalizia kupasuka.

"Mumeo hakukosa kitu," alisema. "Hii ilikuwa imepasuka kabla hajanunua gari. Ingevunjika hata kama angeendesha mwendo wa miguu."

Phanice alifumba macho. Midomo yake ilisogea, labda alikuwa akiomba. Angeinuka wakati huo akaenda zake, na hakuna ambaye angejua zaidi. Muia aliyaona hayo yote kwa uwazi kabisa.

"Ni mimi niliipaka, mama."

"Ulipaka nini?"

"Hii rimu. Dalali Muigai aliniletea. Nilimwambia iko na ufa, akasema ataitoa. Nikaujaza, nikapaka rangi juu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye mabati. Nzilani alikuwa mlangoni, ameshika mwiko, hasogei.

"Ulijua?" Phanice aliuliza.

"Nilijua."

Muia alingoja makofi, au kilio, au majirani waitwe. Phanice alikichukua kile kipande mikononi mwake, akakirudisha ndani ya gunia, akalifunga polepole.

"Utakuja useme hivyo polisi?"

"Nitakuja."

"Na kwa watu wake?"

"Na kwa watu wake."

Mgeni alipokwisha kuondoka, Nzilani alisema kwa sauti ya chini, "Baba Mbula, watakufunga."

"Najua."

"Ungemwambia tu ufa ulikuwa wa zamani. Hiyo ingemtosha. Alikuwa ameshapata alichokuja kutafuta."

Nzilani aliingia ndani, na kwa muda mrefu Muia alimsikia akihamisha sufuria huku na huku bila kupika chochote.

Kituoni afisa alimwuliza mara tatu kama kuna mtu aliyemlazimisha kusema. Kisha akaandika, Muia akatia sahihi. Polisi walikwenda kumtafuta Muigai kwenye kile kiwanja alichouzia magari, wakakuta mtu mwingine anauza vitanda. Laini zake mbili hazikupatikana. Muia aliambiwa huenda akashtakiwa, na mpaka hapo awe anaripoti kila Jumatatu.

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Phanice, Gatina. Mama yake Shiundu alikuwa ametoka Webuye na mwanawe mwingine, Walubengo, yule aliyesema maneno ya pombe kaburini. Hakuna aliyemwonyesha Muia pa kukaa. Aliongea akiwa amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akaeleza tangu siku rimu zilipoletwa. Alipofika kwenye filla, Walubengo aliinuka akamshika kola.

"Mwache amalize," mama mzee alisema.

Akamaliza.

"Kwa hivyo mtoto wangu hakuwa amelewa," mama alisema.

"Hakuwa, mama."

"Hakuwa amelewa."

"Hapana. Na hakuwa anakimbia."

Alirudia mara ya tatu, na alipojibiwa vile vile, alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwani akalia. Tangu mazishi, Phanice alisema baadaye, hakuwa amelia. Aibu ilikuwa imemziba. Walubengo aliiachia ile kola. Hakumtazama Phanice, shemeji yake. Alitazama sakafu, kisha mlango.

"Umemaliza? Enda."

Phanice alimfuata Muia mpaka nje, penye foleni ya mitungi ya maji.

"Usifikirie nimekusamehe," alisema.

"Sijafikiria."

"Nilitaka watoto wasikie. Walikuwa nyuma ya pazia, wamesikia."

Muia alirudi kwa miguu, Kawangware mpaka Ngong Road, akateremka kupitia Makina watu wakitoka kuswali alasiri. Mtu aliyemfahamu alimwita kwa jina. Aliinua mkono bila kugeuka.

Siku hizi ameacha rimu, anabeba mawe kwenye mjengo huko Kilimani. Alishtakiwa mwezi wa tisa, akaachiliwa kwa dhamana ya kanisa la Nzilani. Muigai hajapatikana. Kesi imeahirishwa mara mbili, na mara zote mbili Phanice alifika kabla yake. Kwenye korido ya mahakama kuna benchi moja tu la mbao. Yeye hukaa mwisho mmoja, Muia mwisho mwingine, na gunia liko chini, karibu na miguu ya Phanice. Karani akitoka kutaja tarehe mpya, wote wawili huinuka, na kila mmoja huiandika kwenye kijikaratasi chake.